Risasi ya Kuchakuro Ilivyofika Eldoret

Kama umewahi kucheza PUBG kwa simu, hii unaijua bila kufundishwa na mtu. Ukiokota M416, unatafuta risasi za 5.56. Ukiokota AKM, unatafuta 7.62. Watoto wa form two wanaweza kubishana saa nzima kuhusu hizo namba mbili, ipi inauma zaidi, ipi haitingishi mkono. Lakini ebu waulize swali moja rahisi: hiyo 5.56 ilitoka wapi? Kwa nini jeshi kubwa kabisa duniani lilichagua kitu chembamba hivyo? Kimya.

Jibu lenyewe ni la ajabu. Mzazi wa 5.56 hakubuniwa na jeshi lolote. Alibuniwa kwa ajili ya watu wa Marekani wanaolala kifudifudi shambani wakipiga wanyama wadogo wanaochimba mashimo, jamaa za kuchakuro. Nafikiri kila mtu anayeishi kwenye nchi yenye polisi wenye bunduki, yaani sisi wote, anafaa kuijua hii historia.

Tuanze na fizikia kidogo, usitoroke. Risasi ndogo kabisa inayojulikana na watu wengi inaitwa .22, yaani kipenyo chake ni sehemu 22 kati ya 100 za inchi. Ukibadilisha ni kama milimita 5.6. Unaona? Karibu sawasawa na ile 5.56 ya jeshi. Ukichukua kichwa cha risasi ya .22 ya kawaida na kile cha M16, ukaviangalia kutoka mbele, ni mapacha. Tofauti iko nyuma: ganda na baruti. Risasi ya kawaida ya .22, ile inayoitwa Long Rifle, ina kichwa cha gramu 2.6 hivi na inatoka kwa mwendo wa mita 330 kwa sekunde, karibu na mwendo wa sauti. Ile nyingine ina kichwa cha gramu 3.6 na inatoka karibu mita 990 kwa sekunde. Mwendo mara tatu. Na kama ulikuwa macho darasani, unakumbuka nishati ya mwendo inapanda kwa mraba wa kasi. Mara tatu ya kasi ni mara tisa ya nishati, na ukiongeza ule uzito kidogo unafika kama mara kumi na mbili. Kwa hivyo mtu akikwambia "ni risasi ndogo tu", muulize ndogo kwa upana ama ndogo kwa kasi. Hapo ndipo story yote iko.

Hii .22 ilianza kama mchezo wa ndani ya nyumba, na hapa sitanii. Mwaka 1845, Paris, fundi mmoja anaitwa Louis-Nicolas Flobert alichukua kile kikofia kidogo cha kulipulia bunduki za zamani, akabandika kidude cha risasi mbele yake. Baruti haikuwa ndani kabisa, ilikuwa ni ule mlipuko wa kikofia peke yake. Watu wenye pesa walikuwa wanapiga shabaha sebuleni baada ya chakula cha jioni. Miaka 12 baadaye, 1857, Smith & Wesson wa Marekani wakaongeza baruti kidogo na ganda refu kidogo kwa bastola yao ya kwanza. Hiyo ndiyo .22 Short, na inatengenezwa mpaka leo. Mwaka 1887 kampuni ya Stevens, huko Massachusetts, ikatoa Long Rifle. Tangu hapo hakuna risasi iliyouzwa na kupigwa zaidi duniani. Hata kwenye Olimpiki, wale watu wanapiga shabaha ya mita 50 kwa raifo, wanatumia hiyohiyo.

Kwa Mmarekani wa miaka hiyo, .22 haikuwa silaha kwa maana tunayoijua sisi. Ilikuwa kama baiskeli. Kampuni zilitengeneza bunduki fupi za wavulana, nyepesi, za risasi moja moja, na kuziuza kwa bei ya mtoto anayeweka akiba. Baba alimpa mtoto wa miaka kumi, mtoto akaenda kupiga sungura na makopo nyuma ya zizi. Kulikuwa na maduka makubwa yaliyokuwa na katalogi, unachagua bunduki ukurasa mmoja, viatu vya gumboot ukurasa unaofuata, posta inakuletea vyote nyumbani. Usisahau hiyo posta, nitarudi kwake.

Sasa, kuna neno moja la Kiingereza cha mashambani, varmint. Ni vermin iliyotamkwa kijijini. Maana yake ni mnyama mharibifu, mnyama asiye na rafiki. Kulungu anawindwa kwa msimu, kwa kibali, na nyama yake inaliwa. Varmint hana msimu. Unampiga siku yoyote, wangapi upendavyo, na hakuna anayekuuliza nyama ilienda wapi. Mashariki mwa Marekani alikuwa ni yule mnyama mnene anayechimba mashimo kwenye malisho na kula maharagwe. Magharibi alikuwa koyote, na juu ya wote, yule Wamarekani wanamwita mbwa wa mbuga. Si mbwa hata kidogo. Ni wa jamii ya kuchakuro, ana uzito wa kilo moja hivi, anasimama wima mlangoni mwa shimo lake na kupiga kelele kama anabweka akiona hatari. Anaishi na wenzake kwa mamia na maelfu, kwenye kitu wanasayansi wenyewe wanakiita mji.

Na ilikuwa ni miji kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa serikali, C. Hart Merriam, aliandika kuhusu mji mmoja huko Texas uliokuwa na ukubwa wa maili mraba 25,000. Alikadiria wakazi milioni 400. Wafugaji hawakufurahi. Kila jani ambalo kuchakuro anakula, walihesabu, ni jani ambalo ng'ombe hali. Kwa hivyo serikali ikaingia na sumu, mwaka baada ya mwaka, na wenye ranchi wakaingia na bunduki.

Hapo .22 ya kawaida ilianza kuonekana haitoshi. Yule mnyama akishapigiwa kelele mara mbili tatu anajua binadamu ni nini. Ukifika mita 100 ashaingia shimoni. Unahitaji kumpiga ukiwa mita 150, 200, 300, na yeye ni mdogo kama chupa ya soda. Risasi ya polepole inapanda na kushuka njiani kama jiwe la manati. Wanahitaji risasi inayoenda moja kwa moja, haraka, na iliyo nyepesi isipige teke bega ili jicho lisitoke kwenye darubini.

Waliotatua hiyo shida walikuwa ni watu wa hobby. Sawa, wengine wao walikuwa maafisa wa jeshi, lakini walifanya kwa mapenzi yao, si kwa amri. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kwenye kiwanda cha silaha cha serikali cha Springfield, Grosvenor Wotkyns na Townsend Whelen na wenzao walichukua ganda la zamani la mwaka 1885 lililokuwa limesahaulika, wakalijazia baruti mpya na kichwa chepesi. Winchester wakaanza kuiuza 1930. Iliitwa .22 Hornet, nyigu, na ukisikia kasi yake utaelewa jina: zaidi ya mita 700 kwa sekunde, mara mbili ya .22 ya watoto. Mwaka 1935 Winchester wakatoka na .220 Swift, risasi ya kwanza ya kiwandani kuvuka futi 4,000 kwa sekunde. Hizo ni mita 1,200. Ilikuwa haraka mpaka ikawa na sifa ya kula mtutu wake yenyewe. Ukiipiga ovyo bila kupumzisha chuma, shabaha inaanza kuharibika.

Napenda hiki kipindi, lazima niseme. Kuna kitu kuhusu watu wanaokaa gereji usiku wakipima baruti kwa mizani ndogo, wakikata maganda, wakijaribu mashimo matano yaangukie mahali pamoja kwenye karatasi. Ni nadi wale wale tu unaowaona leo wakijenga kompyuta ama wakifungua injini ya Subaru. Ukisoma mambo yao, kuua mnyama ni kama kisingizio. Kitu kinachowasumbua ni ile duara ya karatasi.

Na nadi mkubwa kuliko wote alikuwa Mike Walker, mhandisi wa kampuni ya Remington. Wengine walikuwa wanachukua maganda ya zamani na kuyabana. Walker alichora ganda jipya kutoka mwanzo. Likatoka 1950, likaitwa .222 Remington. Si haraka kama Swift, lakini lilikuwa na shabaha ya kushangaza, lilikuwa tulivu, mtutu ulidumu. Mashindano ya shabaha yakatawaliwa nalo kwa miaka. Shambani, kuchakuro wa mita 200 hakuwa na bahati tena. Kichwa chake kilikuwa na ganda jembamba la shaba, kilitengenezwa kivunjike vipande mara tu kinapogusa kitu. Kwa mwindaji hiyo ilikuwa ni fadhila: mnyama anakufa papo hapo, na risasi hairuki kwenye mawe ikaenda kumpiga ng'ombe wa jirani. Shika hiyo sentensi kichwani. Mnyama mdogo, kasi kubwa, kichwa kinavunjika ndani.

Wakati huohuo huku kwetu, je? Tulikuwa na ulimwengu tofauti kabisa. Neno "mharibifu" lilikuwepo, na serikali ya kikoloni ililitumia vizuri sana. Idara za wanyamapori za Afrika Mashariki ziliwapiga mbwa mwitu risasi kwa miaka mingi kwa sababu waliwekwa kwenye hilo fungu, na leo mbwa mwitu ni mmoja wa wanyama wanaotafutwa kwa tochi. Wazungu walikuja na bunduki zao na mabishano yao ya kaliba. Mskoti mmoja, W.D.M. Bell, alipewa jina Karamoja kwa sababu ya eneo alilowinda, lile la Uganda linalopakana na Turkana. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa risasi ya milimita 7, wakati wenzake walikuwa wanabeba mizinga ya kuvunja bega. Alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Kwa hivyo hata hapa kwetu, zaidi ya miaka mia iliyopita, kulikuwa na mtu aliyethibitisha kwamba "ndogo" ni neno la kudanganya.

Mwafrika naye? Akiwinda kwa upinde aliitwa jangili. Akipatikana na bunduki, hiyo ni story ingine. Ilipotangazwa Hali ya Hatari Oktoba 1952, kupatikana na silaha ama hata risasi kulifanywa kosa la kifo. Walowezi walikuwa wanakula chakula cha jioni bastola ikiwa mezani kando ya chumvi. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, na mashtaka yaliyompeleka kitanzini hayakuwa ya kuua mtu. Yalikuwa ya kupatikana na bastola. Risasi alizokutwa nazo zilikuwa sita. Walimnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Fikiria hizo nchi mbili kwa mwaka mmoja. 1956, mvulana wa Ohio anajaza fomu ya katalogi, anaweka pesa kwenye bahasha, posta inamletea .22 mpaka mlangoni na mama yake anatia sahihi. 1956, mtu mzima Nyeri anahukumiwa kufa kwa bastola moja. Chuma ni kile kile. Sheria yetu ya bunduki, ile Sura ya 114 ambayo bado tunaitumia na marekebisho yake, ilitungwa mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950, moshi wa Hali ya Hatari ukiwa bado hewani. Watu wanapouliza kwa nini Kenya bunduki ni kibali na si haki, sehemu ya jibu iko hapo. Na hapa nitasema kitu ambacho wengine hawatapenda: nafikiri sheria hiyo ilizaliwa kwa sababu mbaya, lakini sitaki tuibadilishe na ile ya katalogi.

Turudi. 1957, mwaka ambao Kimathi alinyongwa, jeshi la Marekani lilikuwa na shida. Bunduki yake ilikuwa nzito, risasi zake nzito, na askari hakuweza kubeba nyingi. Utafiti wao ulionyesha mapigano mengi ni ya karibu na anayerusha risasi nyingi ndiye anayepiga. Wakaomba wahandisi: tutengenezeeni raifo nyepesi ya kaliba ya .22 yenye kasi, ambayo bado inaweza kutoboa kofia ya chuma kutoka yadi 500.

Eugene Stoner wa kampuni ndogo inayoitwa ArmaLite akakaa na watu wa risasi. Waliangalia nini? Hawakuanza kuchora upya. Waliangalia sokoni, wakaona ile ya Walker, risasi ya kuchakuro, tayari imejaribiwa na maelfu ya wakulima na nadi wa shabaha. Ilikosa nguvu kidogo tu ya kufika ile kofia ya yadi 500. Wakavuta ganda likawa refu kidogo, wakaweka kichwa cha gramu 3.6. Mwanzoni waliiita .222 Special. Kisha jina likabadilishwa, kwa sababu .222 zilikuwa zimejaa na watu wangechanganya, ikawa .223 Remington. Bunduki iliitwa AR-15. Jeshi lilipoichukua, bunduki ikawa M16, na risasi ikaandikwa kwa milimita: 5.56.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mtu anayesimulia hii historia lazima akiweke, na mimi siwezi kukiacha. Tarehe 4 Julai 1960, kwenye shamba moja Maryland, kulikuwa na sherehe. Mmoja wa wageni alikuwa Jenerali Curtis LeMay wa jeshi la anga. Wenyeji waliweka matikiti maji, wakampa AR-15 ajaribu. Matikiti yalilipuka. Inasimuliwa kwamba yalikuwa matatu, akapiga mawili, la tatu wakalila. LeMay alirudi kazini na kuanza kupigania jeshi la anga linunue hizo bunduki, na likanunua. Sasa, mtu wa varmint angeweza kukwambia tikiti litalipuka. Hiyo ndiyo kazi ya risasi ya namna hiyo, ndiyo sababu ilitengenezwa. Lakini nani alimuuliza?

Bunduki 1,000 zikapelekwa Vietnam kujaribiwa, na ripoti ya 1962 ikaeleza majeraha kwa lugha ambayo sitaiandika hapa. Ni ile sentensi niliyokwambia ushike, kasi kubwa na kichwa kinachovunjika ndani, isipokuwa sasa aliye mbele si wa kilo moja. Kisheria, vita vina kanuni. Tangu Azimio la Hague la 1899, risasi inayotengenezwa makusudi ipanuke mwilini hairuhusiwi vitani. Kwa hivyo kichwa cha jeshi kilifunikwa shaba chote, kwenye karatasi ni halali kabisa. Ila kwa kasi ile kilipinduka na kuvunjika hata hivyo. Nchi kadhaa, Sweden ikiwa mbele, zilipiga kelele kuhusu hilo miaka ya 1970. Mkutano wa Umoja wa Mataifa ukapitisha azimio 1979 la kutaka serikali zifanye utafiti zaidi na ziwe waangalifu. Utafiti zaidi. Unajua vile hizo huenda.

Vietnam yenyewe ilikuwa fedheha, na si kwa sababu ya risasi kuwa ndogo. Jeshi lilibadilisha aina ya baruti bila kujali bunduki ilitengenezwa kwa baruti gani, halafu likawaambia vijana kwamba bunduki mpya haihitaji kusafishwa sana. Bunduki zikakwama vitani. Askari wa miaka 19 walikufa wakiwa wanajaribu kuzifungua. Kamati ya Bunge chini ya Richard Ichord ilichunguza 1967 na haikumung'unya maneno. Baadaye walirekebisha: mtutu wenye kromu, vifaa vya kusafishia, bafa mpya.

Ile posta niliyosema tusisahau, hapa ndipo inaisha. Juni 1968, Robert Kennedy aliuawa Los Angeles kwa bastola. Kaliba? .22, ile ya watoto ya kupigia makopo. Ndugu yake, Rais John Kennedy, alikuwa ameuawa 1963 kwa raifo iliyoagizwa kwa posta. Oktoba 1968 ikasainiwa sheria iliyofunga biashara ya kutuma bunduki kwa posta kutoka jimbo moja hadi jingine. Na 1981 Rais Reagan alipigwa risasi, akaponea chupuchupu. Tena .22.

Ulaya nayo ikafuata. Mwaka 1980 NATO ilikubali 5.56 iwe kaliba yao ya pamoja, lakini si kwa kichwa cha Marekani. Walichagua kile cha kampuni ya FN ya Ubelgiji, kizito kidogo, chenye ncha ya chuma cha pua ndani. Shika hilo jina pia, FN.

Huko nyumbani kwao Marekani, risasi iliendelea kuwa na maisha mawili. Upande mmoja bado ni chombo cha kawaida kabisa. Ukienda Wyoming ama South Dakota majira ya joto utakuta watu wamebeba meza ndogo, mtutu mzito umelala juu ya mfuko wa mchanga, darubini kubwa, wanapiga mamia ya risasi kwa siku kwenye mji wa kuchakuro, na mwenye ranchi anawashukuru. Sikatai kwamba mkulima ana haki ya kulinda malisho yake. Hapa Kiambu kuna watu wanalipwa kwa kila fuko wanayemnasa, na hakuna mtu anayewalilia fuko. Upande wa pili, Desemba 2012, kijana aliingia shule ya msingi ya Sandy Hook na raifo ya Bushmaster ya kaliba ya .223. Watoto 20 na watu wazima 6. Bushmaster ilikuwa chini ya mwavuli mmoja na Remington, ile kampuni ya Mike Walker. Familia zilishtaki kuhusu jinsi hiyo bunduki ilivyotangazwa kwa vijana, na Februari 2022 wakakubaliana dola milioni 73, zilizolipwa na kampuni za bima. Remington wenyewe walikuwa washafilisika mara mbili.

Na wale kuchakuro? Kati ya sumu, bunduki, mashamba na tauni iliyoletwa na meli mwanzoni mwa karne iliyopita, makadirio mengi yanasema wamebaki kwenye kama asilimia 2 ya eneo lao la zamani. Kuna kicheche mwenye miguu myeusi anayewategemea kwa chakula na kwa mashimo ya kulala. Watu walidhani ameisha kabisa duniani. Mwaka 1981, karibu na Meeteetse, Wyoming, mbwa wa mfugaji anayeitwa Shep alileta mmoja aliyekufa mlangoni. Wanasayansi wakakimbia huko. Kufikia 1987 walikuwa wamebaki 18, wote kwenye vizimba. Leo watu hulipwa mishahara kwa kulisha vicheche na kulinda kuchakuro wale wale ambao babu zao walilipwa kuwaua.

Sasa Eldoret. Kiwanda cha risasi cha serikali kiko huko, kinaitwa Kenya Ordnance Factories Corporation. Kilijengwa miaka ya 1990, na waliotusaidia kukijenga ni FN. Wale wa Ubelgiji. Wakenya wa kawaida walikuja kusikia habari zake mwaka 1996, kazi ikiwa imeshaanza. Kati ya risasi kinachotengeneza ni 5.56. Kwa hivyo ukipita barabara ya kwenda Eldoret, jua kuna laini ya mashine pale inayotoa mjukuu wa ile kitu Walker alichora 1950 ili wakulima wapige wanyama wa kilo moja. Kodi ya unga wako imo ndani.

Sisemi hivi ili tuseme kiwanda ni dhambi. Nchi inayonunua kila risasi kutoka nje inaomba ruhusa ya kujilinda, na sitaki Kenya iwe hiyo nchi. Shida yangu ni nyingine. Silaha tunazijua kwa majina ya game, kwa rangi, kwa damage kwenye screen, lakini maswali ya hesabu hatuulizi. Zimetengenezwa ngapi? Zimepewa nani? Ngapi zimerudi? Mwaka 2008 shirika la utafiti linaloitwa Small Arms Survey lilienda Turkana Kaskazini kuuliza hayo maswali. Walikusanya maganda na risasi kutoka kwa wafugaji, wakageuza kila moja na kusoma alama zilizogongwa kwenye kitako, kwa sababu kila kiwanda duniani kinaacha alama yake hapo. Walikuta kwamba karibu nusu ya risasi zilizozunguka pale kinyume cha sheria zilikuwa zimetoka kwa polisi wetu. Nyingi zilikuwa za kaliba kubwa ya 7.62, si hii ndogo, lakini njia ni moja.

Alama hiyo ni ndogo, herufi chache na tarakimu mbili za mwaka. Ukiwahi kuona picha ya ganda la risasi mtandaoni, baada ya maandamano ama baada ya wizi wa ng'ombe, usiangalie urefu wake tu na kuanza kubishana kama ni ya M4 ama ya AK. Omba mtu aligeuze.